Mlipuko Mmoja

"Mgongo ndio nilitaka uuone," alisema Dkt. Priya Vithaldas, "kabla ndugu hawajamchukua."

Alivuta shuka, akamwomba Koplo Taufiq amsaidie kumlaza marehemu ubavu. Koplo alikaza macho darini, akashika alipoelekezwa. Mgongo wa Obedi Malogo ulikuwa umechanikachanika kuanzia mabegani hadi kiunoni, na kisogo kimebonyea kama sufuria iliyoanguka sakafuni. Daktari alimrudisha chali, akafunua mikono. Viganja vilikuwa vizima, vimekomaa kwa kazi, na kwenye kucha kulikuwa na vumbi jekundu. Uso nao ulikuwa mzima, ukiacha mchubuko mmoja kwenye paji.

Inspekta Evelina Chibago aliinama, akatazama viganja vile kwa muda mrefu. Alikuwa mpelelezi wa mkoa, mwanamke wa makamo, mwenye desturi ya kunyamaza mpaka anayeongea naye auone ukimya mzito na kuanza kuujaza. Dkt. Priya alimjua, kwa hiyo naye akanyamaza. Wakabaki hivyo, mpaka Evelina akakubali kushindwa.

"Meneja wa machimbo ameandika kwamba alikuta tundu moja la baruti limegoma kulipuka," alisema. "Akaliinamia, akalichokonoa, baruti ikamlipukia."

"Angekuwa ameliinamia, leo tungekuwa tunautafuta uso wake. Na hii mikono nisingekuwa nayo."

"Ameandika pia kwamba alinuka pombe."

"Nimepima. Hakuna hata harufu yake." Daktari alivua glavu. "Huyu alikuwa ameupa mwamba mgongo, Inspekta. Alikuwa akiondoka. Mawe yalimkuta njiani."

Juu ya meza ya pembeni kulikuwa na vitu vilivyotolewa mifukoni mwake: simu iliyopasuka, leso, na ufunguo mfupi wa shaba wenye kishikio chekundu. Taufiq aliuinua ndani ya mfuko wake wa nailoni.

"Wa pikipiki huu?"

"Wa mashine ya kulipulia," alijibu Evelina. "Bila huo mashine haitoi umeme, na bila umeme fataki ya kuwashia baruti haiwaki. Fundi baruti akiingia kwenye matundu anautia mfukoni, ili mwingine asije akabonyeza yeye akiwa huko."

"Basi maneno ya meneja yana mantiki. Alilipua, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akarudi kukagua. Tundu lililogoma likamuua."

"Yana mantiki," alisema Evelina. "Mgongo ndio hauna."

Nje, kwenye benchi la saruji, alikaa mjane, Lydia, amejifunga kanga mbili kichwani na kiunoni. Kando yake alisimama mdogo wake, Bartolomayo, kijana mwenye mabega mapana na macho yaliyovimba kwa kulia. Obedi ndiye aliyempeleka machimboni, akamfundisha kutoboa mwamba, kisha akamfanya msaidizi wake wa baruti. Tangu ajali ilipotokea, Bartolomayo ndiye aliyekuwa mguu na mkono wa msiba ule. Yeye alitafuta turubai, yeye alienda kupimisha jeneza, yeye alipiga simu Mpwapwa kwa wazee ili kaburi lichimbwe.

"Shikamoo, afande," alisema.

"Marahaba. Poleni sana."

Lydia hakuitikia pole. "Wamekuja jana usiku, wale wa kampuni. Wanasema ni uzembe wake, kwa hiyo fidia hakuna, ila watasaidia kwa ubinadamu. Mimi nimewaambia sichukui maiti ya mzembe. Nataka maiti ya mume wangu."

"Dada, tumzike kwanza," Bartolomayo alisema taratibu.

"Atazikwa kesho. Lakini nataka kujua leo." Alimgeukia Evelina. "Obedi alikuwa hawashi jiko la mkaa bila kuangalia watoto wako wapi. Mtu huyo aende kuchokonoa baruti? Nitafutie ukweli, afande. Wowote uwao."

"Ukweli hauchagui pa kuangukia, mama."

"Uanguke tu."

*

Machimbo ya kilima cha Mhelela yako mashariki mwa Nzuguni, mahali ambapo nyumba mpya za mji huishia ghafla na miiba kuanza. Kilima kilikuwa kimeliwa upande mmoja, kikabaki ukuta mwekundu ulio wima. Chini yake mtambo wa kusaga kokoto ulikuwa ukinguruma, ukipuliza vumbi jeupe lililofunika malori, majani na nyusi za watu. Polisi walikuwa wamezungushia utepe ukuta wa mwamba tu. Sehemu nyingine zote kazi iliendelea kana kwamba hakuna aliyekufa.

Meneja Elisha Nkinda aliwapokea kwa mikono miwili. Alivaa kofia ngumu nyeupe isiyo na mkwaruzo hata mmoja.

"Obedi alikuwa ndugu yangu," alisema. "Lakini kazi hii haisamehe. Ulipolia mlipuko mkubwa, yeye akaharakisha kwenda kukagua. Hakusubiri moshi upungue. Punde tukasikia wa pili. Tulipofika, amekwisha."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Getini, na madereva. Waulize."

"Nani alimwona akilipua?"

"Bartolomayo alikuwa naye kwenye kibanda cha kulipulia. Maelezo yake mnayo."

Evelina alikuwa nayo. Yalifanana na ya meneja neno kwa neno, hata pale meneja alipokosea kuandika.

"Mashine ina funguo ngapi?"

"Mmoja. Anakaa nao fundi baruti mwenyewe. Ndiyo sheria."

"Naomba kuiona mashine."

Ililetwa ndani ya sanduku lake la plastiki ngumu. Evelina alilifungua juu ya boneti ya gari. Ndani mlikuwa na sponji nyeusi, imekatwa umbo la mashine, na pembeni vijishimo viwili vyembamba vya kulaza funguo. Alichukua ule wa shaba wenye kishikio chekundu, akaulaza katika kijishimo cha kwanza. Ukaenea. Akaulaza katika cha pili. Ukaenea vilevile. Kisha akapitisha kidole ndani ya vyote viwili. Sponji ilikuwa imechakaa, imelainika na kung'aa kwa kuchomolewa na kurudishwa, cha kwanza kama cha pili.

"Huu wa pili uko wapi?"

"Ulipotea zamani, kabla sijaja," alisema meneja. "Kwa nini?"

"Kijishimo cha kitu kilichopotea zamani hujaa vumbi," alisema Evelina. "Hasa hapa kwenu."

Meneja alicheka kidogo, akaiangalia saa yake. Evelina alimwambia Taufiq alitie sanduku ndani ya gari na kuandika hati ya kulichukua, kisha akapekue ofisi ya meneja. Yeye mwenyewe akavuka utepe.

Mahali palipoonyeshwa kuwa ndipo Obedi alipofia palikuwa chini kabisa ya ukuta, karibu na rundo la mwamba uliovunjika. Palikuwa na damu juu ya jiwe, lakini kidogo, imepakazwa kama ya mtu aliyefuta mkono. Evelina alikumbuka mgongo ule. Mtu mwenye majeraha kama yale angeloanisha ardhi.

Akaacha rundo, akafuata njia nyembamba iliyoteremka kutoka ukutani kwenda kwenye mawe makubwa upande wa kusini. Udongo wote wa pale ulikuwa mwekundu. Alitembea akiangalia miguu yake, mpaka akafika mahali ambapo njia ilikuwa nyeupe. Lilikuwa ni vumbi la mtambo wa kokoto, limemwagwa kwa upana wa mkeka. Upepo wa Dodoma una nguvu, lakini hauchukui vumbi ukalitandika mahali pamoja tu. Alichuchumaa, akalisukuma pembeni kwa ukingo wa kiatu. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, umeganda. Kipande cha kofia ngumu ya njano kilichomoza kama gamba la yai.

Hapa ndipo Obedi alipoangukia. Baadaye mtu alimbeba hadi chini ya ukuta, akamlaza palipomfaa kufia.

Alisimama, akatazama mbele. Mtu aliyekuwa anaondoka kwenye mwamba alikuwa anakwenda wapi? Kibanda cha kulipulia kilikuwa upande wa kaskazini, na njia hii ilielekea kusini, kwenye mawe makubwa. Alizunguka nyuma ya jiwe moja lenye ukubwa wa kibanda. Huko alikuta karai la chuma limepinduka, mawe madogo yamemwagika, na ndara moja ya mwanamke, ya bluu, kamba yake imeunganishwa kwa waya.

Aliporudi getini, dereva mmoja wa lori alikuwa amelala chini ya tela akisubiri mzigo wa kupeleka Busi, kunakojengwa daraja. Evelina alimsabahi na kumuuliza kama alikuwepo siku ile.

"Nilikuwepo, mama. Hata meneja tulikuwa naye hapa hapa."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anaongea na simu. Tena alikuwa anafoka, maana foleni ilikuwa ndefu na mwamba haujavunjwa. Akakata simu, na hapo hapo mlima ukalia."

"Ulilia mara ngapi?"

"Mara moja. Mimi nilikuwa nimeziba masikio nasubiri wa pili, haukuja. Nikajiona mjinga."

Taufiq alirudi kutoka ofisini mikono mitupu. Droo ya meneja ilikuwa imesafishwa kiasi kwamba hata pini haikuwamo.

"Basi siyo meneja," alisema Taufiq walipokwisha kuingia garini. "Madereva wote wanamweka getini. Mashine ilikuwa kaskazini."

"Tuhesabu tulichonacho. Mlipuko ulikuwa mmoja, kwa hiyo huo huo mmoja ndio uliomuua. Ulipolia, ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake na yeye yuko kwenye njia ya kusini."

"Aliyebonyeza alitumia ufunguo wa pili."

"Na kwenye kibanda walikuwa watu wawili. Mmoja yuko mochwari."

Taufiq aliwasha gari, asiliondoe. "Lakini yule ni shemeji yake. Pengine hakujua kwamba mwenzake bado yuko ndani."

"Pengine," alisema Evelina. "Tumtafute mwenye ndara."

*

Wanawake wa kugonga kokoto walikaa kando ya barabara chini ya vibanda vya matawi na viroba, kila mmoja na nyundo yake, kila mmoja na rundo lake. Mawe waliyoyagonga yalikuwa ya kampuni, na wao kuyachukua kulikuwa ni wizi. Gari la polisi liliposimama, nyundo zote zilinyamaza.

Evelina alishuka peke yake. Hakuuliza kitu. Alipita taratibu kati ya marundo, akiamkia wakubwa na kuitikia wadogo. Kila mwanamke alikuwa na karai, isipokuwa mmoja, mzee mwembamba aliyesombea mawe yake kwenye ndoo iliyokatika mpini. Miguuni alivaa viatu vya kiume, vikubwa kuliko yeye.

"Mbukwenyi," Evelina alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa," alijibu yule mama bila kuinua macho.

"Nimekuletea karai lako, mama. Na ndara."

Nyundo ilimdondoka. Wenzake walijifanya hawasikii. Evelina alikaa chini kwenye changarawe, akafungua kiroba alichokuja nacho, akamkabidhi vitu vyake kama jirani anayerudisha alivyoazima.

"Sikuja kwa ajili ya mawe," alisema. "Waliobeba mawe siyo kazi yangu. Jina lako nani?"

"Zipora."

"Siku ile ulikuwa nyuma ya lile jiwe."

Zipora aliokota nyundo yake. Evelina alisubiri. Lori likapita, vumbi likawafunika wote wawili, likatulia.

"Hawajapiga king'ora," alisema Zipora hatimaye, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Sisi tunajua. King'ora kikilia tunakimbia. Hakijalia, mimi nikaingia. Yule baba akaniona kutoka juu. Akashuka mbio, ananitukana. 'Mama, unataka kufa? Mwamba umejaa baruti huu!' Mimi nikaogopa, nikakimbilia jiweni na karai langu. Yeye ananifuata nyuma, ananisukuma kwa maneno."

"Alikuwa na redio?"

"Ya mkononi. Aliisemesha. Alisema, 'Subiri, usiguse, kuna mama huku. Nitakwambia tukitoka.'"

"Redio ilijibu?"

"Ilijibu."

"Ilisema nini, mama? Kama unakumbuka."

"Nakumbuka. Nalala nayo." Zipora alishika ndara yake, akaipangusa vumbi lisilokuwepo. "Ilisema, 'Sawa, shemeji.' Basi. Tukatembea. Mimi nimefika nyuma ya jiwe, yeye bado. Dunia ikapasuka. Nilipochungulia, amelala kifudifudi, mgongo wote... Nilikimbia, mwanangu. Sikumfunika hata kwa kanga. Mtu amekufa kwa ajili yangu na mimi nimekimbia kwa kuogopa kesi ya mawe."

"Utayasema haya mahakamani?"

"Watanifunga?"

"Hapana."

"Basi nitasema. Ila nataka mkewe ajue kwanza. Ajue kwamba hakufa ovyo."

Evelina alirudi garini. Taufiq alimtazama, akaelewa kwamba lile neno "pengine" alilolisema muda mfupi uliopita halikuwa na kazi tena. Katika machimbo yote ya Mhelela, mtu mmoja tu alikuwa na haki ya kumwita Obedi shemeji.

*

Turubai la msiba lilikuwa limefungwa kati ya nyumba ya Obedi na ukuta wa jirani. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, na kwaya ya kanisani ilikuwa ikiimba polepole kwa sauti za watu waliochoka. Nyuma ya nyumba, juu ya mafiga, masufuria makubwa ya wali yalikuwa yakitokota. Mchele, maharage, mafuta na soda vilikuwa vimeletwa mchana ule na gari la kampuni.

Bartolomayo alikuwa akipasua kuni. Alipomwona Evelina, aliliweka shoka chini kwa uangalifu na kujifuta mikono.

"Afande. Mmekula?"

"Tukae hapa, Bartolomayo."

Walikaa juu ya magogo, Taufiq akasimama penye kona ya nyumba. Wapishi walisogea kando bila kuambiwa.

"Umeandika kwamba kulikuwa na milipuko miwili."

"Ndiyo."

"Madereva wamesikia mmoja."

"Wa pili ulikuwa mdogo."

"Uliomchana mtu mgongo mzima ulikuwa mdogo?"

Bartolomayo alibandua gome la gogo kwa ukucha.

"Ufunguo wa Obedi ulikuwa mfukoni mwake. Wewe ulitumia upi?"

"Yeye ndiye aliyebonyeza, afande."

"Kuna mtu alikuwa nyuma ya mawe. Yuko hai. Obedi alishuka kumtoa, akakwambia kwenye redio usubiri, usiguse." Evelina hakupandisha sauti. "Nawe ukamjibu. Ulimjibu nini?"

Bartolomayo alifumba macho.

"Niambie ulimjibu nini."

"Sawa, shemeji," alisema.

Kwaya ilimaliza ubeti, ikaanza mwingine.

"Nilikuwa nasubiri," aliendelea, sasa kwa haraka, kama mtu anayetapika. "Namuapia Mungu nilikuwa nasubiri. Meneja akapiga simu. Anauliza mbona kimya. Nikamwambia kuna mama chini, Obedi anamtoa. Akasema kila siku kuna mama, kila siku Obedi ana visingizio, watu wa barabara wanatufutia mkataba. Akasema hao wameshafika mbali, lipua. Nikasema ngoja nimuulize kwa redio. Akasema ukimuuliza, kesho usije. Ufunguo wa pili alinipa yeye tangu mwaka jana, ili Obedi akichelewa mimi nisichelewe. Tulishafanya hivyo mara nyingi. Hakuna aliyeumia."

"Ulijua hajatoka."

"Nilihesabu kichwani amefika kwenye mawe."

"Sijakuuliza ulichohesabu."

Safari hii Evelina hakuwa anautumia ukimya kwa kazi.

"Nilijua," alisema Bartolomayo.

"Kisha?"

"Meneja akaja na gari. Tukambeba. Yeye miguu, mimi mabega. Akaniambia niseme tundu liligoma. Ufunguo akauchukua. Akasema mtu amekwisha kufa, tusiwaue na walio hai."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na hakuna aliyejua Lydia alikuwa amesimama pale tangu neno lipi. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka mbele ya mdogo wake, akamtazama kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Wewe ndiye uliyenikamata nilipoanguka," alisema. "Ulikuja kunipa habari, nikaanguka, ukanidaka."

"Dada."

"Ulienda kumpimia jeneza."

"Dada, nisamehe."

"Kule alikokwenda, alikwenda kufanya nini? Niambie hilo tu."

Evelina ndiye aliyejibu. "Alikwenda kumtoa mama mmoja wa kokoto. Alimtoa. Mama huyo anaitwa Zipora, naye anataka kuja kukuona."

Lydia alitikisa kichwa mara kadhaa, polepole. Kisha akageuka, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa kando ya mafiga, akamwaga nusu yake motoni. Moshi ulipanda, wapishi wakaruka. Akaenda kwenye mafiga mengine, akamwaga maji yaliyobaki.

"Mchele huu warudishieni wenyewe," aliwaambia wanawake. "Wenye njaa wakale makwao."

Evelina hakumfunga Bartolomayo pingu. Alimshika mkono tu, wakapita upande wa nje wa turubai. Lakini mlangoni pa uzio walikutana na Elisha Nkinda, aliyekuwa akiingia na wazee wawili wa kanisa, amevaa suti nyeusi na uso wa huzuni. Aliona yote kwa mtazamo mmoja. Kabla Taufiq hajamkinga, alimkumbatia Bartolomayo mbele za watu, kama wafanyavyo wafiwa, akaweka mdomo karibu na sikio lake. Ilikuwa ni muda wa mtu kusema pole. Kisha akamwachia.

"Meneja, unahitajika kituoni," alisema Evelina.

"Nitakuja na wakili, Inspekta. Bila shaka." Akaingia ndani kutoa rambirambi.

Walikuwa wameifikia barabara kuu simu ya Evelina ilipoita. Alikuwa mkuu wake wa upelelezi.

"Nasikia umempata na amekiri. Hongera. Funga jalada."

"Ni wawili, afande. Meneja ndiye aliyeamuru."

"Una nini juu ya meneja?"

"Kumbukumbu za simu, ufunguo wa pili, na maneno ya huyu kijana."

"Kumbukumbu za simu zinaonyesha waliongea, hazionyeshi waliongea nini. Ufunguo unao?"

"Sina."

"Basi una maneno ya kijana. Yaandike, tutaona." Simu ikakatika.

Evelina aligeukia kiti cha nyuma. "Umesikia. Tukifika utarudia uliyoniambia kule kwenye magogo, yote, mbele ya mlinzi wa amani wa mahakama. Simu ya meneja, ufunguo, mlivyombeba."

Bartolomayo alikuwa akitazama nje, mahali ambapo tambarare inakwenda mpaka inakuwa rangi moja na mbingu.

"Nitarudia," alisema. "Ila meneja hakusema nilipue. Aliuliza tu kama tuko tayari."

Taufiq alifunga breki kidogo, akaendelea.

"Alikwambia nini pale mlangoni?"

"Pole."

"Bartolomayo."

"Dada ana watoto wanne, afande. Mimi ndiye niliyebaki wa kuwasomesha, na sasa ninakwenda jela. Atawasomesha nani? Wewe?"

"Dada yako amezima moto kwa sababu hataki hata punje ya mtu yule."

"Leo hataki." Alijifuta pua kwa mkono. "Leo amefiwa."

"Ukimficha, ataweka msaidizi mwingine kwenye kibanda kile kesho asubuhi, ampe ufunguo."

Evelina alimwambia Taufiq aweke gari pembeni. Walisimama kati ya miiba, injini ikazimwa, upepo ukawa unatikisa milango. Alitoa daftari la maelezo, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la kijana na tarehe.

"Tunaanza upya," alisema. "Ulikuwa kwenye kibanda. Obedi amekwambia subiri. Simu ikaita. Nani alisema lipua?"

Bartolomayo aliitazama mikono yake, mikono ileile iliyomshika shemeji yake mabega wakimbeba.

"Mimi," alisema. "Andika mimi."